Kete Haifi

Nina tabia moja ambayo rafiki zangu wanaicheka: nasoma vitabu vya kanuni za michezo kama wengine wanavyosoma riwaya. Si lazima niucheze mchezo wenyewe. Natafuta kitu kimoja tu, ile kanuni inayomfanya msomaji asimame na kusema, "Hapana bwana, hapa wamekosea." Mara nyingi hawajakosea. Na mara nyingi, ukiichimba kanuni hiyo, unakuta ndipo mchezo wote ulipolala.

Chukua Dungeons & Dragons. Kwa asiyeujua, ni mchezo wa kuigiza unaochezwa mezani, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anakuwa msimulizi, na wengine kila mmoja anabeba mhusika wake, shujaa au mchawi au mwizi, na hadithi inakwenda kwa maneno. Panapotokea shaka, je umeuruka ukuta au umeanguka, dadu ndiyo inayojibu, na dadu kuu ina pande 20. Yaani ni ngano kama zile za jioni, ila wasikilizaji nao wamo ndani.

Sasa sikia kanuni zake. Katika matoleo ya mwanzo, mhusika alipata uzoefu mwingi zaidi kwa dhahabu aliyotoka nayo pangoni kuliko kwa mazimwi aliyoyaua. Sarafu moja ya dhahabu, pointi moja ya uzoefu. Ukiisoma juu juu unaona ni uchoyo. Ukikaa nayo unagundua kwamba iliwafundisha wachezaji kukwepa vita: kwa nini upigane na joka kama unaweza kuliibia likiwa usingizini? Mpaka toleo la tatu lilipotoka mwaka 2000, namba ya kinga ya mwili ilikwenda kinyume, ndogo ndiyo bora. Katika toleo la tano la mwaka 2014, watu wawili wanaopigana kwenye giza totoro, hakuna anayemwona mwenzake, wanapigana kwa nafasi ileile kama ya mchana, kwa sababu upofu wa huyu unafutwa na upofu wa yule. Anayeanguka kutoka mita 60 na anayeanguka kutoka mawinguni wanaumia sawa, kwani dadu za kuanguka zina kikomo cha 20. Na mhusika aliyebakiwa na pointi moja tu ya uhai anapiga upanga kwa nguvu zilezile alizokuwa nazo asubuhi akiwa mzima.

Hii ya mwisho ndiyo iliyozua ugomvi kwenye kundi letu. Tulikuwa watano, tukikutana Jumamosi huko Sinza, Dar es Salaam, nyumbani kwa mwenzetu mmoja aliyekuwa na kitabu. Mmoja wetu, mwalimu wa sekondari, aliikataa kabisa. "Mtu anavuja damu, utumbo uko nje, atapigaje sawa na mzima? Hii kanuni haina akili." Wengine wakacheka, mimi nikanyamaza. Sikunyamaza kwa kukosa jibu. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa refu, na lilitoka mbali na Sinza. Lilitoka Mtendeli.

Nieleze kwanza Mtendeli ni wapi. Ni nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha, yenye vilima, migomba, maharage na udongo mwekundu unaoshika kwenye viatu. Leo iko wilaya ya Kakonko, lakini Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, na wazee wa kwetu bado wanasema "Kibondo" wakimaanisha kote. Mpaka wa Burundi hauko mbali. Kiha na Kirundi vinasikilizana kiasi kwamba bibi yangu alikuwa anabishana bei na Mrundi bila mmoja wao kubadili lugha. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ubelgiji ilichukua Ruanda-Urundi na Uingereza ikachukua Tanganyika, basi watu waliokuwa wakielewana wakawa wa nchi mbili. Burundi ilipovurugika miaka ya tisini, Mtendeli ikawa kambi ya wakimbizi. Ikafungwa. Burundi ilipovurugika tena mwaka 2015, Nduta ikafunguliwa upya, na Januari 2016 ikafuata Mtendeli.

Na nieleze babu yangu alikuwa nani: mkulima wa maharage na mcheza bao. Bao lake halikuwa la mninga kama yale ya Pwani. Lilikuwa mashimo 32 yaliyochimbwa chini ya mwembe, safu nne za mashimo manane, na kete zilikuwa mbegu na kokoto. Alijifunza bao la Kiswahili akiwa kijana, alipokwenda kukata mkonge Tanga, akarudi nalo kama wengine walivyorudi na baiskeli. Kwetu bao ni la wanaume. Mimi nilijifunza kwa kusimama nyuma yake nimeshika birika la chai, na hakuna aliyenifukuza, kwa sababu chai ilikuwa bado haijaisha. Nilihakikisha haiishi haraka.

Kanuni ya kwanza iliyonishangaza nikiwa na miaka minane au tisa ni hii: kete haifi. Kwenye drafti, ukila kete ya mwenzako unaiondoa, unaiweka pembeni, imekwisha. Kwenye sataranji ni hivyohivyo. Kwenye bao kete ni 64 mwanzo na kete ni 64 mwisho. Ukila, unazichukua kete za mwenzako na kuzipanda upande wako, kuanzia kichwa, yaani shimo la pembeni kabisa la safu ya mbele. Kutoka pale zinatembea kama kete nyingine zozote. Zamu ijayo zinaweza kumla aliyekuwa bwana wake. Na zamu inayofuata zinaweza kurudi.

"Babu, sasa hii ni yako au ni yake?" niliwahi kumuuliza nikionyesha kokoto moja nyeupe niliyokuwa naifuatilia kwa macho tangu asubuhi.

"Ni ya shimo ililokaa," akasema.

Hakuna rangi. Hakuna nyeusi na nyeupe. Kete haizaliwi na upande. Ukiwaza vizuri hili ni jambo la ajabu kwa mchezo unaofanana na vita, kwa sababu vita vyote ninavyovijua vinaanza kwa kusema fulani ni wa upande gani kabla hata hajafanya lolote. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000, wengi wao wa familia zilizoingia mwaka 1972 na kuishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Niliandika habari ndogo kuhusu jambo hilo nikiwa bado mwanafunzi wa chuo. Mhariri aliyenipa kazi ile aliniuliza, "Lakini hawa kwa asili ni akina nani?" Jibu la babu lilinijia mdomoni, nikalimeza, maana kwenye gazeti mtu hawezi kunukuu bao.

Kanuni ya pili: ukiweza kula, lazima ule. Huna hiari. Mgeni anadhani hii ni zawadi, nani asiyetaka kula? Lakini kete ulizokula lazima uzipande, zitembee mpaka mwisho wake, na mwisho wake huenda ukawa mbele ya mdomo wa adui. Fundi wa bao hakuwekei mtego wa njaa, anakuwekea mtego wa shibe. Anakuachia kete tatu peupe, wewe unazila kwa sheria, unazungushwa ubao mzima, unaishia mahali ambapo usingekwenda kwa miguu yako.

Kanuni ya tatu ni ndugu ya hiyo: kama huna cha kula, unatakata. Unasogeza kete zako bila kula. Na zamu iliyoanza kwa kutakata inaisha kwa kutakata. Hata kama katikati ya mwendo kete yako ya mwisho imeangukia mbele ya utajiri wote wa mwenzako, huli. Ulianza kwa amani, utamaliza kwa amani. Nilipokuwa mtoto niliona huu ni ujinga mtupu. Chakula kiko mbele yako na unakipita! Baadaye nikaelewa kwamba bila kanuni hiyo hakuna anayeweza kupanga. Mwenzako akitakata, unajua kwa zamu moja hakuna kitakachokupata. Unapumua. Mchezo mzima unasimama juu ya pumzi hiyo.

Kanuni ya nne ni ya matajiri. Mtu anafungwa safu yake ya mbele ikiwa tupu, hata kama safu ya nyuma imejaa pomoni. Wanaita hamna. Umeficha kete ishirini nyuma, mbele hakuna kitu, basi umekwisha. Na kete zote za akiba zikishaingia ubaoni, shimo lenye kete moja haliwezi kuanza safari. Lazima ziwe mbili au zaidi. Unaweza kuwa na kete kumi na moja zilizotawanyika moja moja, na ukafungwa kwa sababu hakuna hata moja inayoweza kuondoka. Alex de Voogt, mtafiti wa Kiholanzi aliyekaa na mafundi wa Zanzibar na kutoa kitabu chake Limits of the Mind mwaka 1995, alitaka kujua akili ya binadamu inabeba kiasi gani cha mahesabu haya bila kalamu. Inabeba mengi. Lakini babu hakuwa anahesabu tu. Alikuwa anasema, "Kete ya peke yake haina miguu," na alikuwa anasema hivyo hata kwenye msiba.

Sasa tuje kwa mzee wa kambini.

Soko la pamoja la Mtendeli lilipokuwa bado linafanya kazi, wanakijiji na wakimbizi walikuwa wanauziana: mhogo, mafuta ya mawese, sabuni, mchele, nguo. Babu alipeleka maharage. Pale, nyuma ya wauza dagaa, akamkuta mzee mmoja wa Kirundi ameinama juu ya safu nne za mashimo manane. Sitataja jina lake, yuko hai na ana watu wake. Babu akaamkua, wakasalimiana "amahoro", akachuchumaa bila kualikwa, akaweka mkono kwenye kete. Dakika tano baadaye walikuwa wanagombana kwa sauti.

Mzee yule alikuwa anacheza igisoro. Ukiuona kwa mbali utaapa ni bao: ubao uleule, mashimo 32, kete 64. Lakini kanuni zake ni za nchi nyingine. Kwenye bao la Kiswahili unaanza na kete 10 tu ubaoni, na 22 unazo mkononi, unaziingiza moja moja, ndiyo kunamua. Kwenye igisoro hakuna akiba mkononi, kila ulichonacho kiko nje tangu mwanzo. Kwenye bao unakula shimo moja la mbele. Kwenye igisoro ukila unabeba yote mawili, la mbele na la nyuma yake. Na kete ulizokula huzipeleki kichwani: unarudi pale mwendo wako ulipoanzia, unazipanda kuanzia pale. Kisha kuna mashimo machache ya pembeni ambayo yanakuruhusu kugeuza mwelekeo na kurudi nyuma, ila kwa sharti kwamba kurudi huko kukupe cha kula. Bila hivyo, mwendo ni mmoja.

"Huu si mchezo," babu akasema. "Unarudi nyuma kama kaa!"

"Mzee mwenzangu," akajibu yule kwa Kirundi cha taratibu, "na wewe unaficha kete mkononi kama mwizi."

Walikubaliana hivi: Jumanne wanacheza kwa kanuni za mwenye soko, yaani za babu, na Ijumaa kwa kanuni za mgeni. Mimi nilikuwa nimeanza kazi ya uandishi Dar, nikija likizo nawakuta hapo. Nilikuwa bado mshika birika, ila sasa nilikuwa na daftari.

Walichogombana zaidi ya vyote ni nyumba.

Kama hujawahi kucheza, nyumba ni shimo la tano kutoka kushoto kwako, safu ya mbele. Kwenye mbao za Pwani huchongwa mraba, lisifanane na mengine. Linaanza na kete sita, na likiwa na sita au zaidi lina heshima ya pekee. Katika zamu ya kula, kete yako ya mwisho ikiangukia hapo na mbele yake hakuna cha kula, unaruhusiwa kitu ambacho huruhusiwi kwingine kokote: kuchagua. Unaweza kulala, ukasimama hapo, nyumba ikanenepa. Au unaweza kuivunja, ukabeba kete zote na kwenda safari. Mashimo mengine yote yanakuburuta, nyumba inakuuliza.

Na hapa ndipo penye kanuni inayouma kuliko zote. Nyumba ikishavunjwa, kwa safari yako mwenyewe au kwa kuliwa, si nyumba tena. Unaweza kuja kulijaza lile shimo kwa kete kumi na tano, mraba wake bado upo palepale, umbo halijabadilika, lakini haki imekwisha. Ni shimo kama mashimo mengine.

Mzee wa Kirundi aliikataa kanuni hii kwa hasira iliyotushangaza. Si kwamba hakuielewa. Alikuwa ameielewa haraka kuliko mimi. "Kama kete zimerudi," alisema, "na mahali ni palepale, na mwenyewe ni yuleyule, kwa nini si nyumba?"

Babu akasema ndivyo bao lilivyo.

"Nani alisema?"

"Wenye bao."

"Basi wenye bao hawajawahi kukimbia."

Hakuna aliyejibu. Wakaendelea kucheza, na Jumanne ile babu alishinda, lakini alishinda bila maneno yake ya kawaida ya kumcheka mtu. Jioni tukirudi akaniambia, kama anayeongea na njia, "Kwao hakuna nyumba kwenye mchezo. Ulilijua hilo?" Nilikuwa nimeliandika kwenye daftari kama tofauti ya kiufundi. Kweli, igisoro haina nyumba. Mashimo yote ni sawa.

Septemba 2017 mpango wa kurejea kwa hiari ulianza, na mabasi yakaanza kuwarudisha watu Burundi. Mzee hakujiandikisha. Niliwahi kumuuliza kwa nini, kwa ajili ya makala niliyokuwa naandaa, naye akanijibu kwa mfano wa igisoro: "Binti yangu, kurudi nyuma kunaruhusiwa ukijua kuna kitu mbele ya shimo unalorudi." Aliishia hapo. Nilitaka aongeze habari ya shamba, ya nani analilima sasa, ya nani alikufa. Mwandishi akiona cha kula lazima ale, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini yeye alikuwa ameanza kwa kutakata, na mimi nikaona zamu ile niimalize kwa kutakata. Makala haikuwahi kutoka. Sijutii.

Kisha masoko ya pamoja ya kambi za Kigoma yakafungwa. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, na nyumbani kwa babu ni mbali zaidi ya hapo. Wale wazee wawili hawakuonana tena. Walikuwa wameacha mchezo katikati, Jumanne moja mvua ilipowakatiza, na babu alikuwa bado na nyumba. Mwaka mzima aliuzungumzia mchezo ule. Alikuwa anakumbuka kila shimo lilikuwa na kete ngapi, au alisema anakumbuka.

Babu alifariki mwaka 2020. Mzee alipata habari siku ya pili, kupitia kijana wa bodaboda. Kibali cha kuja kwenye maziko hakikupatikana kwa wakati. Alituma salamu, na kijana alizifikisha akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, amezikariri neno kwa neno: "Mwambieni mjukuu kwamba zamu ilikuwa ya babu yake."

Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2021, na watu wake wakahamishiwa Nduta. Nilipita pale baadaye. Miti iliyopandwa kwenye viwanja vya nyumba ilikuwa bado imesimama kwa mistari, ukitembea unaona wapi palikuwa na njia, wapi palikuwa na mlango. Sikuyatafuta mashimo yao. Udongo wa kwetu ukinyeshewa misimu miwili haubaki na shimo la ukubwa wa kikombe.

Miezi michache baadaye nilipata kibali cha kuingia Nduta kwa kazi nyingine kabisa, habari ya kuni na maji. Nilimtafuta. Alikuwa amepungua, macho yamekuwa na ukungu, lakini alinijua kwa sauti. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwenye chai." Tukaongea habari za babu, jinsi alivyougua, nani alikuwepo. Halafu akachukua kipande cha chuma, akaanza kuchimba mbele ya mlango wake.

Nilimwambia sikumbuki ule mchezo ulivyokuwa umesimama. Akasema hata yeye hakumbuki, na babu hakuwa anakumbuka, alikuwa anajisifu tu. Tutaanza upya.

"Kwa kanuni za nani?" nikauliza. "Leo si Jumanne wala si Ijumaa."

Alichimba safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha akarudi kwenye safu zetu mbili za katikati, akahesabu mashimo kwa kidole, la tano kwangu na la tano kwake, na akayachonga pembe kwa ncha ya chuma mpaka yakawa mraba, polepole, kwa kupapasa.

"Mzee," nikasema, "si ulisema kanuni hii ni ya wasiowahi kukimbia?"

"Nilisema. Tena ni kanuni mbaya." Akapuliza vumbi kutoka kwenye shimo lake. "Lakini nimeikosa. Mchezo ambao mashimo yote ni sawa, hakuna mahali unapoulizwa unataka nini."

Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo Sinza, na ambalo sikuweza kulitoa kwa ufupi. Mwalimu wetu aliuliza inakuwaje mtu mwenye pointi moja ya uhai apige sawa na mzima. Kwa hesabu za mwili, haiwezekani. Lakini kanuni ya mchezo haikuandikwa ili ifanane na mwili. Iliandikwa ili aliyebakiwa na kidogo abaki mezani, zamu yake ikifika aulizwe "unafanya nini?" kwa sauti ileile anayoulizwa mwenye nguvu. Kama kila jeraha lingempunguzia nguvu, aliyejeruhiwa kwanza angekuwa ameshindwa tayari, na saa tatu zilizobaki angekaa kutazama wengine. Kete isiyokufa ni hivyohivyo. Kutakata ni hivyohivyo. Hata nyumba, pamoja na ukatili wake, ni hivyohivyo: mahali pamoja katika mashimo 16 uliyo nayo ambapo mwendo unasimama na wewe unaulizwa.

Watu wa fasihi tunapenda kusema hadithi ndiyo inayotufundisha huruma. Inawezekana. Mimi nimeanza kuamini kwamba kanuni nazo zinafanya kazi hiyo, na zinaifanya kwa siri zaidi, kwa sababu hazikuombi umhurumie mtu. Zinakulazimisha tu usubiri zamu yake. Nimesoma riwaya nyingi ambazo mkimbizi yumo lakini zamu yake haifiki. Analia, anavuka mto, anapigwa picha. Nikizisoma natafuta shimo la mraba, mahali ambapo mwandishi amemsimamisha mhusika na kumwachia achague kulala au kusafiri, na hakuna.

Nikirudi Dar nilimweleza mwalimu yote haya, kwa urefu kama nilivyokueleza wewe. Akasema bado haamini kuhusu utumbo, lakini anaomba nimfundishe bao. Tunacheza Jumamosi kabla wengine hawajafika. Analalamika kuhusu kutakata kama nilivyolalamika mimi.

Na kama unajiuliza mchezo wa Nduta uliishaje: nilinamua vizuri, nilikula mara mbili mfululizo, nyumba yangu ikafika kete tisa. Kisha kete yangu ya mwisho ikaangukia ndani yake, mbele yake patupu. Mzee akasubiri. Sikulala. Niliibeba yote nikaenda safari, na baada ya zamu kama nane hivi alinifunga hamna, nikiwa na kete kumi na tisa safu ya nyuma.